Babu wa babu wa mume wangu alitoka Beara, Ayalandi. Je, lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiayalandi?

MamaMapacha

Wakuu, salaam. Kuna jambo limegeuka ubishi wa mezani kila wakwe wakija kututembelea, naombeni msaada kwa anayelijua.

Mume wangu ni Mmarekani, kwao Butte, Montana. Ukoo wa baba yake ni Sullivan. Babu wa babu yake alizaliwa mwaka 1857 au 1858 upande wa Allihies, rasi ya Beara, kaunti ya Cork, kule pembeni kabisa kusini magharibi mwa Ayalandi. Alianza kazi kwenye mgodi wa shaba wa kwao akiwa mtoto. Mgodi ulipoanza kufa akapanda meli Queenstown, akaja kuchimba shaba hiyohiyo Butte. Mke alimpata Butte, naye binti wa Beara. Alikufa mwaka 1919, kifua kimeliwa na vumbi la mgodini.

Nyumbani kwetu watoto wanakua na Kiswahili changu na Kiingereza cha baba yao, kwa hiyo suala la lugha hawaliachi lipite. Mmoja akauliza yule babu wa mgodini alikuwa akiongea nini. Baba mkwe akajibu bila hata kushusha kikombe: "Kiingereza. Kwani Waayalandi wanaongea nini?" Shangazi yake mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo kwa sasa, akasema hapana, aliambiwa wale wazee walikuwa na maneno yao wawili, watoto wakiingia tu jikoni wanarudi kwenye Kiingereza. Baba mkwe akasema hizo ni hadithi za bibi kizee. Basi chakula kikapoa.

Nyaraka nilizonazo ni hizi. Sensa ya Marekani ya 1900 ina safu ya kama mtu anajua Kiingereza, kwake imeandikwa ndiyo. Sensa ya 1910, kwenye mahali pa kuzaliwa, karani ameandika Ayalandi kwa kifupi na pembeni "English". Hati ya uraia ina alama ya X badala ya sahihi. Halafu ipo barua ya dada yake aliyebaki Beara, ya mwaka 1894, Kiingereza kilichonyooka na mwandiko mzuri kuliko wangu.

Ukihesabu, ushahidi wote uko upande wa baba mkwe. Ila roho yangu inakataa. Naomba kujua, kwa mtu wa mahali pale na miaka ile, inawezekana kweli alizaliwa na Kiingereza?

---

Kijiti

Mbona rahisi. Waayalandi wote walikuwa wanaongea Kiayalandi, Waingereza wakaleta shule wakawachapa mpaka wakakiacha. Jibu ni ndiyo. Uzi ufungwe.

---

TakwimuTupu

Usifungwe. Sensa ya 1851 ilikuta asilimia 23.3 tu ya watu wa Ayalandi ndio wanaoongea Kiayalandi. Kwa hiyo ukimwokota Mwayalandi yeyote wa miaka hiyo, uwezekano ni zaidi ya tatu kwa moja kwamba hakijui. Shangazi anaheshimiwa, lakini hesabu ndiyo hiyo. Na kati ya nyaraka nne za MamaMapacha, tatu zinasema Kiingereza.

---

NesiWaCork

Dada MamaMapacha, pole na chakula kilichopoa. Mimi niko huku kaunti ya Cork miaka mingi sasa, kazi yangu ni kutunza wazee, na siku zangu za mapumziko zinaishia kwenye vitabu vya ubatizo vya watu ambao hata si ndugu zangu. Allihies nimefika. Jengo la mashine ya mgodi bado limesimama kilimani, kuta za mawe na bomba lake la moshi, unaliona kabla hujakiona kijiji.

Kijiti na Takwimu wanapingana, lakini wote wamekanyaga utelezi mmoja: wanaizungumzia Ayalandi kana kwamba ni kijiji kimoja. Huwezi kujibu swali hili kwa nchi nzima. Unauliza ni wapi hasa, na alizaliwa mwaka gani. Ukishajua hayo mawili, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Takwimu, namba yako ni sahihi. Wasemaji 1,524,286 kati ya watu 6,552,385, na kati ya hao wasemaji 319,602 hawakujua Kiingereza hata chembe. Lakini angalia ilivyopatikana. Ile ndiyo sensa ya kwanza kuuliza lugha, na swali lilitupwa chini ya fomu kama maelezo madogo, wengi wakalipita. Mwaka 1871 wakahesabiwa 817,875. Mwaka 1881 swali likapandishwa juu pamoja na maswali mengine, na ghafla wasemaji wakawa 949,932, wakati wazee wanakufa na vijana wanajaa melini! Lugha haikufufuka, ni swali lililoanza kuonekana. Kwa hiyo ile ya 1851 ichukulie kuwa ndiyo sakafu.

Tena mwaka 1851 Njaa Kuu ilikuwa imeshapita na fagio lake. Kati ya 1845 na 1852 walikufa watu kama milioni moja, na zaidi ya milioni wakahama. Walioumia kuliko wote ni maskini wa magharibi na kusini waliokuwa wakiishi kwa viazi, na huko ndiko Kiayalandi kilikokuwa.

Halafu huo wastani wenyewe. Galway, Mayo, Clare, Kerry na Waterford, zaidi ya nusu ya watu walikuwa wasemaji hata kwa hesabu ile mbovu. Wicklow, Wexford au Down, unatafuta kwa tochi. Ukichanganya Galway na Wicklow unapata 23.3, namba isiyomhusu mtu wa Galway wala wa Wicklow.

Sasa Beara. Zamani kaunti ziligawanywa katika maeneo madogo yanayoitwa baroni, na upande wa Cork wa rasi ile ni baroni ya Bear. Garret FitzGerald, mwanasiasa aliyependa majedwali kuliko mikutano ya hadhara, alichapisha mwaka 1984, akiwa bado waziri mkuu wa nchi, makadirio ya lugha baroni kwa baroni. Ujanja wake ni mzuri na hauhitaji shahada kuuelewa. Sensa ya 1881 ilipanga wasemaji kwa umri. Mtu aliyekuwa na miaka sitini na kitu mwaka ule alijifunza kuongea miaka ya 1810. Aliye na ishirini na kitu alijifunza miaka ya 1850. Basi badala ya kuuliza nani anaongea leo, unarudi nyuma kizazi kwa kizazi na kuona Kiayalandi kilianza kuwaponyoka watoto wa wapi, lini. Kuna sehemu za mashariki kilikuwa kimeshawatoka watoto kabla ya mwaka 1800. Rasi za kusini magharibi, Beara ikiwemo, watoto waliozaliwa miaka ya 1850 wengi wao bado walikuwa wanakua nacho.

Nyaraka zako sasa.

Ile "ndiyo" ya 1900 inajibu swali lake tu: anajua Kiingereza? Anajua. Haijauliza alimlilia mama yake kwa lugha gani. Mimi ukiniuliza kama najua Kiingereza nitasema ndiyo.

Ya 1910 ndiyo ilitakiwa kuuliza lugha mama, na "Irish" ilikuwemo kwenye orodha ya lugha waliyopewa makarani. Tatizo ni karani mwenyewe. Amesimama mlangoni, mbele yake mwanamke anajibu kwa Kiingereza, mtaa mzima ni Waayalandi, ana nyumba nyingine za kumaliza kabla ya giza. Ameandika Ayalandi na "English" ukurasa mzima bila kuuliza. Fungua ukurasa wako uone kama kuna Mwayalandi hata mmoja aliyeandikwa tofauti. Ukikuta wote wako sawasawa, huo ni mkono uliozoea, usiuhesabu kama jibu la babu. Kinyume chake ndicho chenye uzito: ukikuta karani ameandika "Irish" au "Gaelic", ujue mtu alisema kwa mdomo wake.

Ile X inavuta upande wa shangazi. Asiyejua kuandika kwa kawaida hakukaa shuleni, na shule ndiyo ilikuwa nyumba ya Kiingereza.

Barua ndiyo inayowadanganya watu wengi. Shule za taifa zilianza mwaka 1831 na zilifundisha kusoma na kuandika kwa Kiingereza. Mpango wa kufundisha kwa lugha mbili kwenye maeneo ya wasemaji ulikubaliwa mwaka 1904. Kwa hiyo msichana wa Beara wa miaka ya 1870 aliyeongea Kiayalandi toka asubuhi hadi usiku, akishika kalamu, anaandika Kiingereza, kwa sababu hicho tu ndicho alichofundishwa kuandika. Hata padri aliandika ubatizo kwa Kilatini au Kiingereza. Ukitegemea karatasi, utaamini Kiayalandi hakikuwahi kuwepo.

Kuna kitu kimoja cha kumpunguzia baba mkwe aibu. Mgodi wa Allihies ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1810 na familia ya Puxley, wenye ardhi pale, na mafundi waliletwa kutoka Cornwall, Uingereza. Nahodha wa shimo anatoa amri kwa Kiingereza. Kijana anayeanza kazi pale akiwa mdogo anakiokota haraka hata kama nyumbani hakipo. Jibu langu basi ni kwamba Kiayalandi kilikuwa cha kwanza, Kiingereza cha pili, na alikuwa nacho tayari alipopanda meli. Ndiyo maana karani wa Butte hakushtuka.

Usiniamini mimi, nenda kwa waliobaki. Sensa za Ayalandi za 1901 na 1911 zipo zote, bure, kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ayalandi, pamoja na picha za fomu zenyewe. (Za 1861 mpaka 1891 serikali ilizifuta yenyewe, na za kabla ya hapo karibu zote ziliungua Dublin mwaka 1922, kwa hiyo usipoteze usiku wako kuzitafuta.) Kila fomu ina safu ya "Irish Language". Anayejua Kiayalandi tu anaandikwa "Irish". Anayejua zote mbili, "Irish and English". Asiyejua Kiayalandi, wazi. Tafuta nyumba aliyozaliwa babu.

Onyo moja: Beara imejaa Sullivan mpaka wenyewe hutofautishana kwa lakabu za matawi ya ukoo. Pata jina la kitongoji kwanza. Angalia kichwa cha ile barua. Ukienda kwenye vitabu vya ubatizo, Allihies iko kaunti ya Cork lakini kikanisa ni jimbo la Kerry. Watu huzunguka jimbo la Cork miezi, wanarudi mikono mitupu.

---

Kijiti

Nesi umenifungulia uzi wangu kwa nguvu. Lakini kuchapwa kulikuwepo au hakukuwepo?

---

NesiWaCork

Kulikuwepo. Mtoto alifungwa kijiti shingoni kwa uzi, kila akiongea Kiayalandi kinachongwa alama, jioni mwalimu anahesabu alama na kuchapa. Jina lako na hicho kijiti naona mnafahamiana.

Ila usiishie kwa mwalimu. Mara nyingi aliyechonga alama nyumbani alikuwa baba au mama. Walimwona mwanao mwenye Kiingereza anapata kazi na nauli ya Boston, asiye nacho anabaki na viazi. Daniel O'Connell, kiongozi mkubwa kuliko wote wa Wakatoliki enzi hizo, alizaliwa Kerry na Kiayalandi mdomoni, na mikutano yake ya maelfu aliihutubia kwa Kiingereza. Alisema waziwazi kwamba Kiingereza kina faida zaidi na hakusikitika kuona Kiayalandi kinaachwa. Na mashariki lugha ilikuwa imeshaondoka kabla ya shule ya 1831 haijajengwa. Kijiti kilisukuma gari lililokuwa linateremka mlima tayari.

Na asidhani mtu kwamba mwaka 1882 Kiayalandi kilikuwa cha wazee wachache wa kuomba rozari. Mwaka huo familia moja iliuawa Maamtrasna, mpakani mwa Galway na Mayo. Watuhumiwa wakapelekwa Dublin kushtakiwa. Mmoja wao, Maolra Seoighe, au Myles Joyce kwenye karatasi za serikali, hakujua Kiingereza. Kesi ikaendeshwa kwa Kiingereza asichokielewa, akahukumiwa, akanyongwa Galway mwezi Desemba, akisema mpaka mwisho kwamba hana hatia, kwa lugha ambayo waliomnyonga hawakuielewa. Rais Michael D. Higgins alimsamehe mwaka 2018. Babu yenu wa Butte mwaka ule wa 1882 alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

---

MjukuuWaFundi

Samahani kudandia. Shemeji yangu ukoo wake ni Wapresbiteri waliotoka Antrim kwenda Pennsylvania karne ya 18. Naye kachora tatoo ya Kiayalandi mkononi. Je, alipaswa?

---

NesiWaCork

Mkono ni wake. Lakini Wapresbiteri wengi wa Antrim walikuwa wazao wa Waskoti waliohamia Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, karne ya 17, na lugha yao ilikuwa Kiskoti cha nyanda za chini au Kiingereza. Kiayalandi Antrim kilishika zaidi mabonde ya kaskazini mashariki na kisiwa cha Rathlin. Kama ukoo wake hautoki mabondeni huko, angechora kitu kingine.

---

TakwimuTupu

Nimekubali hoja ya wastani, ila nina swali. Hizo sensa za 1901 na 1911 si ndiyo enzi za Ligi ya Kigaeli, kile chama cha kufufua Kiayalandi? Iliundwa 1893. Watu walikuwa na hamasa, mtu anajifunza sentensi tatu darasani anajiandika msemaji. Tutajuaje mtu wa Beara si hivyohivyo?

---

NesiWaCork

Swali zuri, na ndiyo maana husomi jina moja, unasoma nyumba nzima. Dublin mwaka 1911 utakuta nyumba ya karani wa ofisi, wazazi wazi, watoto wa shule "Irish and English". Hiyo ni Ligi. Beara utakuta kinyume: bibi anacho, wazazi wanacho, watoto wadogo wazi. Hapo lugha inaondoka nyumbani, na hakuna hamasa ya kuchora mteremko kama huo. Zaidi ya hapo, waliozikusanya fomu walikuwa askari polisi, na wazee wengi hawakujua kuandika, fomu ilijazwa na mtu mwingine.

Umri lakini usiuamini sana. Pensheni ya uzeeni ilianza kulipwa mwaka 1909 kwa wenye miaka 70, na kati ya sensa hizi mbili kuna watu wamezeeka miaka kumi na saba ndani ya kumi.

---

MamaMapacha

Jamani. Nimelala saa tisa usiku na sijutii.

Kichwa cha barua kilikuwa na jina la kitongoji kweli, nilikuwa nadhani ni jina la nyumba. Nikaingia sensa ya 1901. Kitongoji hicho kina Sullivan nyumba kwa nyumba, kama Nesi alivyosema, nikaanza kuzifungua moja moja nikitafuta jina la yule dada mwandishi wa barua. Nikampata. Hajaolewa, anaishi kwa kaka yake.

Nawaandikia fomu ilivyo. Mkuu wa kaya ni kaka, mvuvi na mkulima, hajui kusoma, "Irish and English". Mkewe, "Irish and English". Dada yetu wa barua, anajua kusoma na kuandika, "Irish and English". Watoto wao sita: mkubwa wa miaka kumi na tisa ameandikwa "Irish and English", na wanaomfuata wote safu iko wazi. Halafu mstari wa mwisho, mama yao, mjane, miaka 76, hajui kusoma. Kwenye safu ya lugha kuna neno moja tu: "Irish".

Nikalinganisha na kitabu cha ubatizo (jimbo la Kerry, asante sana, ningepotea). Jina la huyo mama na la marehemu mumewe ndiyo yaleyale yaliyoko kwenye ubatizo wa babu wetu wa Butte. Ni mama yake mzazi.

Na ukurasa wa 1910 wa Butte niliufungua tena. Wote waliozaliwa Ayalandi, toka mstari wa juu hadi wa chini, "English". Wote. Hata jirani mmoja ambaye sensa ya 1920 inasema lugha mama yake ni "Irish".

---

NesiWaCork

Basi hapo dada umemaliza. Mama hajui Kiingereza mwaka 1901 akiwa na miaka sabini na kitu, hawezi kuwa alikijua mwaka 1857 halafu akakisahau. Mtoto wake aliongea naye kwa lugha gani? Kwa ishara?

Angalia pia lile pengo kati ya mtoto wa kwanza na wa pili. Wa kwanza alizaliwa kama 1882, bibi bado ana nguvu, anamlea yeye. Kufikia wa pili wazazi wameshaamua. Fomu za aina hiyo ziko nyingi Beara, ukizisoma mfululizo unaona miaka ambayo uamuzi ulikuwa unapita nyumba hadi nyumba. Na anachosema shangazi kuhusu jikoni la Butte ni kitu hichohicho kikifanyika upande wa pili wa bahari, na mtu na kaka yake ambao hawakushauriana.

Siku hizi ukienda Beara watu wanaongea Kiingereza. Kwa Cork maeneo ya Kiayalandi yaliyobaki ni Múscraí, kule Ballyvourney na Coolea, na kisiwa cha Cape Clear. Nilimtunza mzee mmoja wa Beara ambaye hawezi kujieleza kwa Kiayalandi hata kwa dakika moja, lakini kuku, mbuzi na serikali anavitukana kwa Kiayalandi tu, alivisikia kwa bibi yake.

---

TakwimuTupu

Mama msemaji wa lugha moja tu, mwaka 1901, na ubatizo unaomuunganisha. Sina pingamizi. Nyaraka tatu za awali zote zilikuwa Kiingereza na zote hazikuwa na uzito, hilo nitakuwa nalitumia kazini.

---

Kijiti

Kwa hiyo nilikuwa sahihi toka mwanzo.

---

NesiWaCork

Kijiti, saa iliyosimama nayo huwa sahihi mara mbili kwa siku.

---

MamaMapacha

Hahaha. Nimechapisha fomu, nikaiweka mezani jana baba mkwe alipokuja. Akavaa miwani, akaisoma muda mrefu, akanyoosha kidole kwenye mstari wa mwisho akauliza, "Huyu hakujua hata kuomba chumvi kwa Kiingereza?" Nikamwambia hakuhitaji, nyumba nzima walimwelewa. Shangazi kapigiwa simu saa hiyohiyo, na nadhani tutamsikia mpaka Krismasi.

Sasa baba mkwe mwenyewe ndiye amekolea. Anataka upande wa mama yake, ambao walitoka kaunti ya Wexford miaka ya 1840, na ameshaanza kuwaambia watu kwamba nao walikuwa wasemaji. Nesi, nimwache aote?

---

NesiWaCork

Mshike mkono mapema. Wexford ya miaka ya 1840 anza na dhana ya Kiingereza mpaka karatasi ikukatalie. Ila muulize ni upande gani wa Wexford. Kama ni baroni za Forth au Bargy, kule ncha ya kusini, walikuwa na kitu chao kingine kinaitwa Yola, si Kiayalandi na si Kiingereza hiki tunachokijua, kimechipuka kutoka kwa Kiingereza cha walowezi wa zama za kati na kikafa karne ya 19. Akisema Forth, fungua uzi mpya uniite.